Kuku Bila Firigisi

Kazi ya Pili, tarehe 1 mwezi wa sita 1954

Baridi. Upepo mukavu tangu jana, siku ya kwanza ya kazi. Nimezunguka nyumba zangu zote tatu za kuku na kinga, hii baiskeli yangu, nakanyaga pedali tangu jua halijatoka: Kamalondo, kiisha mutaa wetu wa Kenya, kiisha Katuba. Ndoo moja mbele, mbili nyuma, kuku ya kulowanishwa ndani.

Mafuta ya Katuba ilikuwa nyeusi sawa kahawa. Sylvestre, kapita wangu, musimamizi wa kule, anasema ni mupya. Nilimuambia hii mafuta imepita yeye myaka. Alicheka. Miye sikucheka. Nilimwaga yote nyuma ya nyumba, na imbwa ya jirani ililamba udongo mpaka saa sita.

Bantu banafikiri kazi ya restora ni kukaranga. Kukaranga ni kazi kidogo. Kazi mukubwa ni kuzuia kuku ya Katuba isijifanye kuku mwingine. Mutu akikula kwangu Kamalondo, kesho akule Kenya, ulimi yake isijue kama amehama.

Ubao wa mbele unasema KUKU YA YOMBA, rangi nyekundu. Sasa kila mutu ananiitaka Yomba, ndugu ya mama yake, hata bale mama yao sijapata kumuona.

Ile maji ya kulowanisha kuku ni Vero anaitengenezaka. Vero ni mwipwa wangu, mutoto wa marehemu dada yangu, nilimulea tangu iko na myaka tisa. Kwa bantu nasemaka nilijifunza siri mu jikoni ya muzungu mumoja kando ya Golf. Kweli nilifanya kazi kwake. Nilikuwa naosha sahani. Lakini mwenye kuosha sahani anaonaka byote.

Miguu inauma.

Kazi ya Ine, tarehe 3

Kamion ya kuku imefika toka Lukafu. Kulikuwa jogoo moja muzito sana, dereva aliiketisha mbele karibu naye, sababu nyuma ilikuwa inavutia kamion upande. Kufika Kasomeno, askari wa barabara aliomba jogoo ionyeshe karatasi ya safari. Nilieleza hii Kamalondo, mutu mumoja alianguka na kiti. Nikaeleza tena Kenya. Kufika kule jogoo ilikuwa imekua kidogo.

Naandika hapa namna yetu ya kukata, sababu Sylvestre anasahauka. Kuku moja, bipande munane. Nyumba zote, bipande munane, hapana saba, hapana tisa. Kichwa na makucha ni ya supu ya asubui. Firigisi, ile kifuko ngumu ya tumbo, kwetu mukini baba wa nyumba peke yake anaikulaka. Hapa zote zinakwenda Kenya. Tunazitunga ku kijiti na pilipili, banaume bakitoka kazi banakula na pombe. Akili ile ni yangu. Hakuna mutu Elisabethville alifanya vile mbele yangu.

Mama mumoja anauzishaka makala karibu na mulango wetu wa Kenya. Leo aliona bakuli.

“Yomba, hizi zote ni firigisi ya bwana gani? Uko na baume wangapi mule ndani?”

Bibi wenzake bakapasuka na kicheko. Nilimujibu: “Mama, hapa mujini kuku haina baba.” Nilifurahi na jibu ile mpaka mangaribi.

Siku ya Mungu, tarehe 6

Kiisha misa kijana Raymond alikuja kunisalimia kwangu. Ni karani ku reli, mutoto wa bantu ba Kasai, shati nyeupe, kalamu mbili mu mufuko. Alikataa kukaa mpaka nilimuambia mara tatu. Nikajua.

Anataka Vero. Wamesikilizana bao wawili, inaonekana ni zamani. Reli inamuhamisha Jadotville, mwezi wa munane. Anataka aende na bibi.

Nilicheka, nikamupa paja, nikamueleza habari ya simba wa Kasomeno aliyekula kuku yangu akangojea pilipili. Raymond alikula kwa heshima. Vero alikuwa ku mulango wa jiko, hakucheka. Anaijua ile simba.

Raymond akatoka. Nilibaki nimekaa.

Mwezi huu nafungua Ruashi, nyumba ya ine. Biro ya serikali imekwisha kunipa kiwanja. Bila Vero hakuna ndoo. Bila ndoo, KUKU YA YOMBA ni kuku ya mutu yeyote.

Sitaki. Naandika hapa vile iko. Sitaki.

Kazi ya Pili, tarehe 8

Jana nilisema Vero apumzike, nitalowanisha miye. Ndimu, bitunguu, tangawizi, chumvi, pilipili. Nimeona anatia bile byote myaka sita.

Sylvestre leo: “Yomba, hii kuku inaomba maji ya kunywa.”

Nilisema nilibadilisha kwa kusudi, kupima ulimi yao. Aliniangalia kidogo tu, akaenda kufagia.

Kazi ya Tano, tarehe 11

Vero aliongea na miye, yeye mwenyewe, mikono yake iko na manyoya ya kuku bado.

Nilimuambia angojee Ruashi isimame. Kiisha Ruashi, tutaona. Alisema kabla ya Ruashi nilisema Katuba, na kabla ya Katuba nilisema Kenya. Ni kweli. Nikaanza habari ya jogoo. Alingojea nimalize.

“Yomba, niko na myaka makumi mbili na tatu. Niruhusu nifundishe mutu. Sylvestre, ao Mama Julienne. Nikienda, jiko ibaki.”

Nilikataa. Nilisema siri ikiwa na bantu wawili ni tangazo. Kweli ni ingine: akifundisha, amekwisha kwenda.

Mama Julienne, bibi yangu, alisikia yote nyuma ya pazia. Alinipa bukari, ugali yetu, bila mboga ya pili. Kwetu ile ni maneno mengi.

Siku ya Posho, tarehe 12

Siku ya posho, bantu bana pesa mufukoni, wote banataka kuku. Kamalondo musitari ulifika mpaka kwa fundi wa biatu. Mutu mumoja alisema harufu yetu inafika Golf, bazungu banafungua madirisha. Nilisema inafika Lukafu, kuku zenyewe banajileta. Walicheka.

Nilicheka nao. Lakini nilikuwa naona mikono ya Vero mu mvuke. Iko na alama ya mafuta tangu kiganja mpaka kiko. Sikuwa nimeiangalia mbele ya leo.

Nimechoka sawa mutu amebeba mulango.

Kazi ya Kwanza, tarehe 14

Barua. Papa Mukendi, baba ya Raymond, anakaa Jadotville, kazi yake ni kuangalia njia ya reli. Atakuja Siku ya Mungu tarehe 20 na ndugu yake mukubwa. Kiswahili ya barua ni safi, nafikiri Raymond aliandika. Banaomba tu kuonana na yomba wa mutoto. Yomba wa mutoto ni miye. Kwetu yomba njo anasema ndiyo, yomba njo anasema hapana. Baba ni mugeni tu.

Mama Julienne anasema atachinja jogoo moja hapa nyumbani na kupika vile mama yake alipika. Nilimuambia: mutu mwenye restora tatu, karibu ine, atapokea bakwe na jogoo moja mu sufuria ya nyumba? Batakula ile inakuliwa na Elisabethville yote.

Alisema: “Weye utaona.” Alisema polepole.

Kazi ya Tano, tarehe 18

Mama Julienne amepanda kamion kwenda Lukafu, kilio, shangazi yake amekufa. Atakaa siku kumi. Kabla ya kupanda alinivuta kando na kuanza kusema juu ya jogoo ya bakwe. Dereva alipiga honi. Nilimuambia aende, niko mutu muzima.

Muzungu wa hijeni, mwenye kupima usafi, alikuja Ruashi, alinusa kila kona, akapiga muhuri. Siku ya posho ijayo tunafungua. Mafundi bado banapaka chokaa. Nimefika mara mbili leo, kwenda na kurudi, upepo mu uso.

Siku ya Mungu, tarehe 20

Balikuja batatu. Papa Mukendi, ndugu yake, na Raymond nyuma yao, kravati imemukaza. Papa Mukendi iko mutu mufupi, mukimya, mikono mikubwa. Aliketi, akaweka kofia ku goti.

Vero hakuweza kupika, ni yeye anaombwa, alikaa chumbani na jirani. Basi nilichukua kuku ya Kamalondo, ile ile ya kila siku. Masinia mbili. Ilipanda juu sawa mulima wa udongo ya mugodi. Nilijisikia mufalme.

Papa Mukendi aligeuza kipande moja na kidole. Kiisha kingine. Polepole, sawa mutu anatafuta ufunguo mu sanduku ya mutu mwingine. Ndugu yake akasogea kuangalia naye. Miye nilidhani wanashangaa.

“Hii ni kuku ngapi?” aliuliza.

Nilisema hata miye sijui, kwangu kuku ni sawa mvua.

“Kichwa iko wapi?”

“Mu supu, Papa.”

“Na firigisi?”

Hapa nilipaswa kunyamaza. Niliona uso ya Raymond inaanguka. Nilijua. Mara moja nilijua. Lakini mudomo yangu ilikuwa imekwisha kutoka mbio.

“Ah, Papa. Firigisi ziko Kenya. Balevi banakula na pombe.”

Papa Mukendi alivuta bakuli ya maji, akanawa mikono. Hakuwa amekula, alinawa tu. Ndugu yake naye akanawa.

“Tumeshiba,” alisema. “Tumeona.”

Balisimama. Na miye, sijui shetani gani, nilianza kueleza habari ya jogoo ya Lukafu. Niliwasindikiza nikieleza. Balitoka ku lupango, uwanja wa nyumba yangu, kabla kamion ya hadithi haijafika Kasomeno.

Naandika ili nisijifiche. Kwao Kasai iko vile, na kwetu kaskazini iko vile. Kuku ya mukwe inakuja muzima. Byote biko ndani, toka kichwa mpaka kucha, na firigisi juu, ya baba. Ikikosa, umemuambia mugeni: sehemu yako tumekwisha kukula, rudi kwako. Mutoto mudogo anajua. Nilikata bakwe bipande munane.

Kazi ya Kwanza, tarehe 21

Vero alitengeneza ndoo sawa kila siku. Aliziweka ku mulango, akafunika na majani. Tamu yake ile ile. Alisema maneno mawili tu siku nzima.

“Umeshinda, Yomba.”

Anafikiri nilifanya kwa kusudi. Kila mutu Kamalondo anafikiri vile. Fundi wa biatu alinikonyeza.

Kazi ya Tatu, tarehe 23

Raymond hajaonekana. Barua hakuna.

Sasa niko na yote nilitaka. Niko na Vero. Niko na ndoo. Niko na Ruashi. Furaha iko, sitakataa, naisikia mu kifua. Ni furaha ya mutu ameokota kintu cha jirani.

Sikufanya kwa kusudi. Hapa hakuna mutu wa kudanganya, basi nasema mara ya pili: sikufanya kwa kusudi. Lakini Mama Julienne alitaka kuniambia, na nilimuambia aende. Myaka yote nimeketi mu ndoa za bantu, nimeona firigisi ikipita ku mikono mbili. Namna gani mutu anasahau kintu kama kile siku ile ile moja?

Nimekwenda Katuba kuangalia mafuta. Mafuta ilikuwa muzuri. Nilimugombeza Sylvestre bure.

Siku ya Posho, tarehe 26

Ruashi imefunguliwa. Bantu wengi, hata bale hawajapata milango ku nyumba zao mupya. Kuku iliisha saa tisa.

Vero alikaranga toka mwanzo mpaka mwisho, mugongo kwangu. Bantu baliomba nieleze simba. Nilianza. Nilifika pale simba anafungua mudomo, nikasema: “Kiisha alikwenda.” Balingojea. Nikasema vile tena.

Nyumba ine. Nilikuwa nimeota siku hii, mu ndoto nilikuwa mutu mukubwa kidogo kupita vile niko.

Kazi ya Pili, tarehe 29

Sikukuu ya Petro na Paulo. Mama Julienne amerudi na kamion ya asubui. Alipata habari yote kabla hajatua mizigo, mama wa makala alikuwa Kamalondo kumungojea.

Hakupaza sauti. Aliketi mbele yangu na kilemba cha kilio bado ku kichwa.

“Baba, mutoto huyu mama yake alikuachia weye. Alikuachia mutoto. Hakukuachia mupishi.”

Nilisema nilisahau. Alisema hata kama nilisahau. Kusahau kwangu kumekaa ku shingo ya Vero, si ku shingo yangu.

Kiisha aliniambia kile kinafanyika. Jogoo muzima, ya kutembea. Niibebe miye mwenyewe mpaka Jadotville. Niichinje ku lupango ya Papa Mukendi, niitoe manyoya, niipike na mikono yangu mbele ya bantu bake. Vero asiguse. Hata yeye Mama Julienne asiguse. Kiisha niweke firigisi mbele ya baba mwenyewe na mikono mbili.

Nilisema mutu wa myaka yangu, mwenye restora ine, hawezi kuchutama ku moto wa mutu.

Alisema: “Basi baki na restora.”

Alikwenda kuoga. Nilibaki mezani.

Kazi ya Tano, tarehe 2 mwezi wa saba

Biro kwa karatasi ya safari. Karani aliuliza sababu. Nilisema kuku. Aliandika “biashara.” Sikumusahihisha.

Jogoo iko mu kitunga chini ya kitanda. Ni nyekundu, ya kawaida. Hakuna kitu ya kueleza juu yake.

Sikumuambia Vero. Nikishindwa, asijue.

Siku ya Posho, tarehe 3

Jadotville. Naandika ku benchi ya stasioni, nangojea treni ya kurudi. Vidole biko na harufu ya manyoya.

Papa Mukendi alinikuta ku mulango. Aliangalia kitunga, aliangalia miye, akarudi ndani bila kusema ingia. Bibi yake njo alifungua. Alinionyesha mafiga nyuma ya nyumba. Bibi wengine balikuja na biti byao, balijipanga sawa sinema.

Nilichinja muzuri. Kiisha maji ya moto haikuwa moto ya kutosha, manyoya ikakataa. Nilivuta, ngozi ikaja nayo.

“Yomba, unaitoa manyoya ao unaibembeleza?” Mama Mukendi aliuliza.

“Mwache,” mwenzake akasema. “Kwake kuku banajivua.”

“Huyu njo mwenye restora ine? Basi zinajipika zenyewe.”

Moshi ilinitoa machozi, nilifurahi iko moshi. Chumvi nilitia mara mbili sababu mara ya kwanza nilisahau kama nilitia. Upande moja iliungua. Mugongo yangu ilikataa kuchutama, nikapiga magoti. Nilikaranga myaka sita mu kinywa tu. Mikono haikujua kintu.

Niliipanga mu sahani. Kichwa, shingo, mabawa, kifua, mapaja, makucha, mugongo. Firigisi juu. Niliibeba na mikono mbili mpaka ndani, nikaiweka mbele ya Papa Mukendi, na sikueleza hadithi. Nilisema tu: “Papa, ile siku nilikosa. Mutoto hakukosa. Ni miye.”

Alihesabu na macho. Toka kichwa mpaka kucha. Alichukua muda.

Alitwaa firigisi, akauma upande moja. Akatafuna. Akatafuna tena.

“Iko ngumu,” alisema.

Nilisema ndiyo, iko ngumu.

Alikata na meno ile ilibaki, akanipa nusu. Tulitafuna siye wawili, kila mutu anaangalia sahani. Ilikuwa ngumu sawa mupira ya kinga.

Kiisha aliuliza: “Mutoto anapikaka sawa vile weye?”

“Hapana, Papa. Ile yote bantu banakula kwangu ni yake. Kwangu ni jina tu.”

Sijapata kusema vile na mutu. Nilifikiri nitasikia haya. Nilisikia kuchoka, sawa mutu ameketi kiisha safari ndefu.

Alisema watakuja mwezi huu, tarehe 18, kumaliza maneno.

Kazi ya Kwanza, tarehe 5

Vero anajua. Mama Julienne alimuambia. Hakunishukuru, na sikungojea. Aliweka maji ya moto mu bakuli chini ya kiti yangu, akatia chumvi, akaenda. Niliweka miguu ndani mpaka ikapoa.

Kazi ya Tatu, tarehe 7

Nilimuambia afundishe. Mama Julienne, Sylvestre, miye, mutu yeyote.

Alituita nyuma ya jiko, akafunua mutungi. Munkoyo. Ile kinywaji ya mahindi na mizizi, bibi banapikaka, inakaa siku mbili mpaka inauma kidogo ku ulimi. Kuku inalala ndani yake. Ndimu na tangawizi vilikuwa vya kunidanganya miye.

Myaka sita nimekunywa ku mutungi ule kila siku ya Mungu. Nilikuwa nasema: Vero, munkoyo yako iko na tamu ya kuku. Alikuwa anacheka. Nilidhani anapenda muzaha yangu.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema ningeandika ku ubao.

Siku ya Posho, tarehe 10

Munkoyo ya Mama Julienne ilitoka tamu sana. Ya Sylvestre ilitoka sawa maji ya kuosha sahani. Yangu ilipasua mutungi. Vero anasema mizizi ni ile ile, mahindi ni ile ile, kila mukono inatoa yake. Anatuonyesha tena, na uvumilivu. Sasa anaongea na miye. Anasema: “Yomba, usikoroge sawa unagombana naye.”

Siku ya Mungu, tarehe 18

Balikuja. Mama Julienne alipika. Firigisi ilipita ku mikono mbili, Papa Mukendi aliikula, akasema: “Hii iko laini.” Wote walicheka, na miye nilicheka. Maneno ilikwisha kabla ya saa kumi. Nilisema ndiyo. Ilitoka muzuri, sikukwama.

Siku ya Posho, tarehe 31

Ndoa, misa ya saa ine. Nilivaa koti ya kuazima, kifungo moja haikufunga. Vero alikuwa na kanga... hapana, robo, nguo nyeupe ya arusi, Mama Julienne alishona. Padri alisema majina yao. Alimuita mutoto wa marehemu dada yangu na jina yake yote, Véronique, na nikafikiri sijapata kumuita vile hata siku moja.

Kwa karamu nilifunga nyumba zote ine. Bantu ba Kenya balikasirika. Nilifurahi na hasira yao.

Kazi ya Pili, tarehe 3 mwezi wa munane

Amekwenda na treni ya asubui. Raymond alibeba sanduku, Vero alibeba mutungi moja na kikombe juu. Ku dirisha alisema nipumzishe miguu. Nilisema ndiyo. Treni ilitoka kwa saa yake.

Nilirudi na kinga. Sikupita Katuba.

Siku ya Posho, tarehe 7

Bantu ba Ruashi wanarudisha bipande. Mumoja alisema: “Hii si ile.” Nilisema ni ile. Aliniangalia, nikasema: “Uko na haki, si ile.” Nikamupa kipande kingine bure, nayo haikuwa ile.

Kazi ya Tatu, tarehe 11

Nimefunga Ruashi. Nimefunga Katuba. Sylvestre anakuja Kamalondo, nitamuweka ku moto, mukono yake sasa inaanza kusikia mutungi. Kenya inabaki na Mama Julienne. Yeye anakata namna yake, bipande kumi na moja, na firigisi anarudisha mu kuku ya kila mutu. Nilihesabu bipande, nikarudisha sahani.

Nyumba mbili. Ni karibu, hata kwa miguu naweza.

Kazi ya Tano, tarehe 13

Upepo umepunguka. Sylvestre alikaranga, nilihudumia. Mwenyeji wa Kasenga alikuwa mezani, mara yake ya kwanza kwetu, aliuliza kama ni kweli niko na habari za kuchekesha. Nilisema siku ingine.

Kuku ya leo ilikuwa kuku tu. Bantu balikula, balifuta mudomo, balienda kwao. Nilipanguza meza. Nilikaa, nikapumzisha miguu.